Nilivyouza Kitabu cha Mama Leah

Mmeniita niwaambie vitabu huuzwaje. Ninyi mnauza kwa simu. Mimi hayo siyajui na sitajifanya ninayajua. Lakini nimeuza vitabu Nakuru hii tangu siku ambazo wengi waliona kitabu ni kitu cha kanisani au cha ofisini, na nikauza mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi za duka. Kwa hiyo kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu si ile ya zamani.

Usimwambie mtu kitabu ni kizuri. Kila muuzaji husema bidhaa yake ni nzuri, hata yule wa samaki wa jana. Fungua, msomee ukurasa, halafu unyamaze pale mambo yanapokolea. Kisha mpe akishike mwenyewe. Ukiona amekifunga lakini kidole chake kimebaki ndani, usiongeze neno. Huyo ameshanunua, ila yeye mwenyewe hajajua.

Hayo niliyajulia katika duka la Bwana Velji, mtaa wa nyuma ya stesheni, miaka ya hamsini. Bwana Velji alikuwa Mhindi mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliuza madaftari, wino, kalamu, kadi za harusi, na kabati moja la vitabu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa Maragoli, nasi tulikaa kwenye nyumba za reli. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka pale wasichana walipoambiwa imetosha. Baba akanishika mkono akanipeleka kwa Bwana Velji, akamwambia, "Huyu Peris anasoma hata maandishi ya magunia. Mpe kazi kabla hajanimalizia mafuta ya taa."

Kazi yenyewe ilianza kwa unyoya wa bata mzinga. Vumbi la Nakuru mnalijua. Upepo ukivuma kutoka ziwani wakati wa kiangazi, unga mweupe unaingia hata ndani ya kufuli. Kitambaa hulisugua vumbi likaingia kwenye karatasi, unyoya hulifukuza. Mpaka leo, nikiona mtu anafuta kitabu kwa kitambaa, mkono wangu unawasha.

Kabati halikuuza. Wasomaji wengi walikuwa mashambani, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa wazungu, na hawakuweza kuja mjini wanavyotaka, kwa maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari na kila mtu alitembea na karatasi ya ruhusa. Bwana Velji akasema, basi kitabu kiende kwao. Akaninunulia sanduku la bati na kipande cha turubai. Nikawa napanda treni, behewa la daraja la tatu, nashuka Njoro au Molo au Rongai, kisha naendelea kwa miguu au kwa lori la maziwa. Wengine walisema msichana hawezi kazi hiyo. Niliwaacha waseme, nikajifunza kulibeba sanduku begani badala ya kichwani, maana kichwani linakufunika macho usimwone mteja.

Siku moja, karibu na Lanet, askari wa kizuizi alinisimamisha.

"Hii sanduku iko na nini?"

"Vitabu, afande."

"Vitabu ya nini?"

Wakati huo karatasi moja mbaya ilitosha kumpeleka mtu korokoroni. Sikubishana naye. Nilifungua hadithi ya mwindaji aliyekwama juu ya mti, chui yuko chini. Nikamsomea. Nilipofika pale tawi linapoanza kulia, nikafunga.

"Endelea," akasema.

"Afande, nitachelewa treni."

"Huyo mtu alianguka?"

"Imo humu ndani."

Alinunua. Na kila nilipopita pale tena aliniuliza kama mwandishi yule ametoa kingine.

Nilikosea pia, tena vibaya. Mwanzoni niliuza vitabu kwa kuangalia jalada. Kulikuwa na kimoja chenye picha ya bibi arusi ameshika maua. Nikawaambia akina mama wa kanisa moja la Njoro kwamba ni mafunzo ya ndoa, wakavinunua vyote nilivyobeba. Kumbe ndani, bibi arusi anamtilia mume sumu kwenye uji, kisha anaolewa na ndugu wa huyo mume. Mchungaji alikuja dukani na nakala ya mkewe, ameishika kwa ncha za vidole.

Bwana Velji akaniuliza, "Kitabu umeuza. Umesoma?"

"Nimesoma jalada."

Alimrudishia mchungaji pesa zake, akaniambia kuanzia siku hiyo kitabu nisichokisoma hakitoki dukani. Lakini sikilizeni: ni nakala hiyo moja tu iliyorudi. Wale mama wengine nilipowauliza, kila mmoja aliniambia bado hajamaliza.

Basi nikawa nasoma kila kitu, na katika kusoma nikavutiwa na vitabu vya historia. Bwana Velji alikuwa akitoa vijitabu vya historia ya bonde letu, vinapigwa chapa papo hapo mjini. Mwandishi wake alikuwa Mwalimu Yohana, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyefundisha shule ya misheni. Alikuwa na kalamu nzuri. Aliandika juu ya wazee wa zamani waliokuwa mashujaa, waganga wakubwa, waliopatanisha koo, waliofika mbali kwa misafara. Wanaume wa laini walivipenda. Mtu anarudi kutoka kukamua ng'ombe wa mzungu, anaketi mlangoni, anasoma kwamba babu zake nao walikuwa watu. Nikiwaona hivyo, uzito wa sanduku nausahau.

Ndipo nikakutana na Mama Leah.

Ilikuwa kwenye shamba moja ng'ambo ya Rongai, Jumamosi mchana. Nilielekezwa kwenye banda la kukaushia maua ya pareto, nikaambiwa kuna wanawake wanaosoma. Niliwakuta wameketi sakafuni, vidole vyao vina rangi ya maua, na mbele yao amesimama mama mrefu aliyevaa koti la kiume, ndewe za masikio yake amezikunja juu kama walivyofanya wanawake wa Kikalenjin wa umri ule. Mchana wa siku za kazi alichambua pareto pamoja nao. Jumamosi aliwafundisha kusoma, kwa ruhusa ya meneja wa shamba.

Nilimpa kijitabu cha Mwalimu Yohana. Alikisoma pale pale, amesimama, hana haraka. Wanawake walimngojea. Alipomaliza akakifunga, na sikuona kidole ndani.

"Kimeandikwa vizuri," akasema. "Humu mwanamke nimemwona mara moja, anakwenda kuteka maji. Kitabu kimekwisha hajarudi nyumbani."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Ili nisipoteze safari nikatoa kitabu kingine, kile cha maneno na sala kwa lugha ya kwao, kilichotengenezwa na mmisionari mmoja wa huko juu. Kile kilikuwa hakinirudishi mikono mitupu. Alikipokea, akakigeuza, akanirudishia.

"Hiki sinunui, mtoto wangu. Kimetoka mdomoni mwangu."

Nilidhani ni namna ya kusema. Mmoja wa wanafunzi wake akaniambia, "Muulize neno la kamba."

Nikamuuliza. Akaketi juu ya gunia, akanisimulia. Alipokuwa msichana alikimbilia misheni, akasoma, na alipoonekana ana akili akawekwa meza moja na mmisionari yule kutafuta maneno. Walifanya kazi hiyo miaka mingi. Yeye alisema, bwana akaandika. Bwana akasoma, yeye akakataa, wakaanza upya. Siku moja walikwama kwenye neno la kusamehe.

"Bwana aliandika neno letu la kusahau," akasema Mama Leah. "Nikamwambia, aliyesahau kosa lako leo atalikumbuka kesho ukimkasirisha. Tafuta jingine. Akasema hakuna. Nikamwambia lipo, ila mimi na wewe hatulijui. Nikapanda milimani juu ya Ravine, kwa akina mama wakubwa. Sikuwauliza neno. Niliwasimulia ugomvi wa dada wawili, nikawauliza, je, ukiisha husemaje? Mama mmoja, Kobilo, akasema mkubwa alimfungua mdogo. Akatumia neno tunalosema ndama anapofunguliwa kamba aende kwa mama yake. Nikashuka kabla usiku haujanikuta njiani."

Nikakifungua kitabu, na neno lilikuwamo. Nikatafuta jina la Leah mwanzo, nikatafuta mwisho. Palikuwa na jina la mmisionari, na chini yake shukrani kwa wote waliosaidia.

"Jina lako liko wapi, Mama?"

"Wewe ndiye unayesoma. Likiwapo utaliona."

Hakulisema kwa uchungu, wala kwa unyonge. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia. Mimi ndiye niliyeondoka pale nimekasirika, na hasira ile ilinifikisha stesheni kabla sijahisi sanduku.

Nilimwambia Bwana Velji kwamba kitabu kijacho cha historia nimekipata, nikamsimulia yote. Alivua miwani.

"Kama si kweli, misheni itakasirika," akasema. "Kama ni kweli, itakasirika zaidi. Shule zao zinanunua daftari kwangu."

"Ni kweli."

"Hiyo ndiyo mbaya." Akavaa miwani. "Na nani tanunua?"

"Wanawake wanaonikatalia hivi vya sasa."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ita Mwalimu."

Mwalimu Yohana nilimpeleka mwenyewe. Alimsikiliza Mama Leah vizuri, akaandika mchana mzima, na katika treni ya kurudi aliniambia hajapata kusikia mambo kama yale. Kwa hiyo aliponiletea alichotunga, nilikaa kukisoma kwa furaha. Furaha haikufika mbali. Alikiita Mke Mwema wa Bondeni. Leah wa kitabuni aliamka mapema. Alifagia chumba cha mmisionari, akampikia, akambebea vitabu, na hakunung'unika hata mara moja. Na lile neno? Kitabu kilisema mmisionari, baada ya kufikiri sana, akalipata.

"Mwalimu," nikamwambia, "hukuambiwa hivi."

"Peris, nina mke na watoto. Shule ninayofundisha unajua ni ya nani."

"Naijua."

"Basi. Tena hapa nimemsifu. Mpelekee, utaona atafurahi."

"Tutampelekea wote wawili. Utamsomea wewe."

Hakupenda, lakini hakuwa mtu wa kukimbia. Jumamosi tukawa tena kwenye banda lile la pareto. Alisimama, akasoma kwa sauti yake nzuri ya darasani mpaka mwisho. Wanawake walimtazama Mama Leah.

"Huyu mama ni mtu mwema sana," Mama Leah akasema. "Angekuwa jirani yangu ningemtembelea. Lakini simjui."

Wanawake walicheka. Mwalimu alikunja karatasi zake, uso umemshuka, kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu: aliacha maneno ya kupamba.

"Mama, nitakuambia ukweli. Nikiandika ulivyosema ninaweza kupoteza kazi. Bwana Velji atapoteza wateja. Na wewe unalala kwenye nyumba ya mtu, na darasa hili meneja anaweza kulifunga kwa neno moja. Siku hizi watu wakikusanyika tu wanatiliwa shaka."

Wale wanawake hawakuwa wakicheka tena. Kwao lile darasa halikuwa mchezo. Kulikuwa na mama pale ambaye ndiyo kwanza ameanza kusoma barua za mumewe bila kumpa karani azisome kwanza.

Mama Leah akawageukia wao, si sisi.

"Mmesikia. Darasa ni lenu pia. Mnasemaje?"

Walizungumza kwa lugha yao, muda mrefu. Sikuelewa, wala Mwalimu hakuelewa. Mwishowe yule mama wa barua akasema kwa Kiswahili, ili tusikie, "Akiandika ile ya kufagia, mimi sitaki kujua kusoma."

"Basi andika nilivyosema," Mama Leah akamwambia Mwalimu. "Na usiniandike peke yangu. Andika Kobilo. Andika dada yake Tabutany, aliyejua koo zote na nani hawezi kumwoa nani. Andika yule mkunga wa kule juu. Nitakupeleka kwa walio hai."

"Hao hawajasoma, Mama. Hiki ni kitabu cha wanawake wenye elimu."

"Neno lile nililikosa mimi niliyesoma, na bwana aliyesoma kuliko mimi. Kobilo alikuwa nalo. Sasa elimu yake tuiite nini?"

Mwalimu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeshikwa sawasawa.

"Nitaandika," akasema. "Lakini jina langu halitaonekana nje."

"Weka langu. Limekaa nje ya vitabu muda mrefu, sasa likae nje ya hiki."

Shule zilipofungwa tulipanda milimani watatu, na karatasi za ruhusa mfukoni. Kama mnataka kuandika historia za akina mama, nawapa hili bure: usianze kwa maswali. Mwalimu alianza kwa maswali, amevaa tai na kofia, na wale akina mama wakamuuliza yeye ukoo wake, mama yake alizaliwa wapi, kwa nini ameoa mbali, na mbona viatu vyake vinalia. Mpaka jua linapinduka, wao walikuwa wanajua habari zake zote na yeye hajaandika neno. Mama Leah alimwacha tu. Halafu akachukua jembe, akaingia shambani pamoja nao, nami nikamfuata. Kazi ilipokwenda, maneno nayo yakaja. Mkunga alieleza namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mikono yake ikionyesha hewani huku jembe limelala. Kobilo alisimulia walivyopatanisha koo mbili kabla wazungu hawajafika, na jinsi wazee waliokwenda kutangaza amani walivyofundishwa na wake zao maneno ya kusema. Mwalimu alivua viatu, akaketi juu ya kisiki, akaandika mpaka mkono ukamuuma.

Nilikuwa nimeuza vitabu vyake vyote vya awali. Hiki kilikuwa bora kuliko vyote, na hakikuwa na jina lake. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba analijua hilo, na nisimkumbushe.

Mpiga chapa aliliweka jina la Leah kwa herufi kubwa kupita kiasi, kwa sababu zile za kadiri zilikuwa zimetumika kwenye kadi za harusi. Bwana Velji alitaka zipunguzwe. Nikamwambia aziache. Akakiweka kitabu dirishani yeye mwenyewe, kisha akaenda kunywa chai.

Na kiliuzwa. Kwanza waliponunua wanaume nilishangaa. Baadaye nikaelewa kwamba walitumwa na wake zao. Mtu anakuja anasema, "Nipe ile kitabu ya mama wa jina kubwa," halafu anatazama pembeni. Katika laini niliwasomea ukurasa wa Kobilo na wale wazee waliofundishwa maneno na wake zao, nikanyamaza kabla amani haijapatikana. Sanduku lilirudi jepesi kila safari.

Lakini Mwalimu hakuwa ametutisha bure. Shule za misheni zikaacha kununua kwetu. Hakuna aliyesema kwa nini. Madaftari yakabaki tu yamepangwa. Tukaishi kwa kadi za harusi. Shuleni, mkuu alimwita Mwalimu Yohana akamuuliza kama ni yeye aliyeandika kitabu kile. Akamjibu, "Jina la mwandishi liko jaladani." Likaisha hivyo, ingawa kila mtu aliijua kalamu yake. Na kule shambani meneja alimwambia Mama Leah kwamba banda sasa linahitajika kwa kazi, Jumamosi pia.

Nilipopata habari hiyo nilipanda treni nikaenda kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpoza. Nilimkuta anafua.

"Banda lilikuwa na harufu kali," akasema. "Wengine lilikuwa linawaumiza kichwa." Akakamua shuka, akalitundika. Kisha akaketi, nami nikaona amelia kabla sijafika. Sikumwambia yale niliyoandaa. Nilimsaidia shuka lililobaki.

Muda si mrefu baada ya hapo, mzee mmoja wa kizungu aliingia dukani. Bwana Velji alikuwa ametoka. Mzee alinisalimu kwa Kiswahili safi, akasema, "Nipe kile cha Leah." Hapo nikajua ni nani.

Nilimpa. Alikisoma amesimama, miwani puani, na mimi nikafanya lile nililowaambia mfanye: nilinyamaza. Kusema kweli nilikuwa ninaogopa. Nilifikiri atakirarua, au atauliza jina la mwandishi halisi, au ataondoka aende ofisi ya DC. Alifika kwenye ukurasa wa ile kamba ya ndama, akausoma, akaurudia.

"Neno hili nimelihubiri makanisani miaka mingi," akasema, haniangalii. "Nikawaambia watu jinsi nilivyolipata. Nililisema hivyo mpaka nikaamini."

"Na sasa, Bwana?"

"Sasa nimesoma."

Akalipa, akakitia mfuko wa koti, akatoka. Mpaka leo sijaamua kama nilimwonea huruma au la. Ninachojua ni kwamba kile kitabu chake cha maneno kilipopigwa chapa tena, jina la Leah lilikuwamo ndani, chini ya lake, limeandikwa sawasawa. Na baadaye, kimya kimya kama zilivyoondoka, shule zikarudi kununua madaftari.

Mama Leah hakuyangojea hayo. Alishuka kwenye kituo kidogo cha reli kilichokuwa karibu na shamba lile, akamwomba Kalasinga aliyekisimamia ampe banda la mizigo Jumapili, maana Jumapili halipakiwi kitu. Yule bwana akasema mradi wafagie. Mwalimu Yohana alipoambiwa sharti hilo alicheka mpaka akatoa leso. Na kwa kuwa kituo ni mahali pa kila mtu, wanawake wa mashamba mengine nao wakaanza kuja, hata kutoka njia ya Salgaa, wakaketi juu ya magunia ya mahindi. Banda la pareto lisingewatosha.

Jumapili moja nilikwenda na sanduku langu, nikapanga vitabu kando ya mlango. Alikuja mama mzee sana, ameshuka kutoka milimani kwa lori. Macho hayakuwa yamechoka kama miguu. Alikuwa Kobilo. Alinikumbuka kwa lile jembe nililokuwa nimelishika vibaya shambani kwake, akanieleza hivyo mbele ya watu, na Mama Leah akawa anatutafsiria huku ana chaki mkononi.

"Nimesikia nimo ndani ya hicho," akasema.

Nilikifungua, nikaweka kidole chini ya jina. Aliinama, akaligusa kama mtu anayegusa chuma asiyejua kama kina moto.

"Hili lote ni mimi?"

"Hili lote."

"Ni fupi."

"Ndivyo linavyoandikwa, Mama."

Akafikiri. Kidole chake kikasogea kwenye neno lililofuata. "Na huyu?"

"Tabutany, dada yako."

"Tabutany alikufa wakati wa nzige." Akanitazama, kisha akamtazama Mama Leah, kama anayetaka mmoja wetu akanushe. "Humu yupo?"

"Yupo. Yuko karibu nawe."

Alikaa chini pale pale sakafuni, akaweka fimbo yake kando. Akamwomba Mama Leah chaki. Hakutaka kitabu kizima, akasema, macho yake hayana muda wa kitabu kizima. Anataka majina mawili, lake na la dada yake. Nikapiga magoti karibu naye, nikaandika herufi moja moja kwenye saruji, naye akaifuata, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Wanawake wengine waliacha madaftari yao wakatuzunguka.

Treni ya kwenda mjini ilifika tukiwa kwenye herufi ya tatu, ambayo tumbo lake alikuwa analigeuzia upande usio wake. Gadi wa treni alinijua, akachungulia mlangoni.

"Dada wa vitabu, tunaondoka."

Nilimtazama Kobilo. Alikuwa ameifuta ile herufi kwa kiganja, anaianza upya.

"Nendeni," nikamwambia gadi.